Maji Mekundu Kwenye Kisahani

Kitaluni kwetu,
Nyuma ya ghala la mbao.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Kitinda,

Pokea salamu zangu za moyo kutoka huku ulikozaliwa. Hujambo? Wifi yangu anaendeleaje tangu ajifungue, amerudiwa na nguvu? Na huyo mtoto wenu, ambaye mimi shangazi yake nimemwona kwenye simu tu akipiga miayo, bado anawanyima usingizi? Na lifti zako je? Watu bado wanajazana humo kupita kiasi, halafu zikikwama wanakulaumu wewe fundi?

Mimi sijambo. Mgongo unanisumbua kwa kuinama kwenye matuta, lakini huo ni mgongo wa kazi, nimeshauzoea. Mvua imetunyeshea vizuri, miche ya matunda imeshika, na yale maua ya uzioni uliyozoea kuyaita magugu yamechanua mpaka wapita njia wanasimama kuyatazama. Mama naye yupo. Habari zake ndizo zilizonikalisha hapa, kwa hiyo vuta kiti.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Ni kwa sababu simu ikilia tu, Mama anaweka sauti ya nje, Mjomba Redio anasogea, na mazungumzo yanakuwa mkutano wa hadhara. Mjomba wetu huyo hakupewa jina la Redio bure. Nikiwa na jambo zito la kukuambia inabidi nilimeze. Bahati nzuri mwenzako wa kazini yuko huku likizo, anarudi wiki hii, na ameniahidi kwamba barua itafika mkononi mwako. Isome mpaka mwisho, maana nakujua, ukiona dada ameanza ukali unaruka mistari.

Unajua tulikotoka. Mama alikohoa kwa muda mrefu, na sisi tukasingizia vumbi la samadi. Akapungua mpaka kamba za aproni yake ya kazi zikawa zinamzunguka mara mbili. Kliniki wakapima makohozi, wakasema ni kifua kikuu, akaanzishiwa vidonge. Ulilia kwenye simu siku ile, nami nikakuambia usilie, ugonjwa huu unapona. Bado nasema hivyo hivyo. Unapona, mradi mtu ameze dawa zote mpaka mwisho, hata baada ya kujisikia mzima.

Hapo kwenye kujisikia mzima ndipo tulipokwama. Wiki za mwanzo Mama alimeza bila shida. Vile vidonge vyekundu vinageuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na muuguzi alishamwonya asishtuke. Hata hakushtuka. Kila asubuhi alikuwa akinitangazia kutoka chooni kwamba kiwanda kinafanya kazi. Kikohozi kikaisha, mwili ukarudi, akaanza kuinua magunia ya udongo na kunifokea kama zamani. Baadaye matangazo ya chooni yakakoma. Sikuyatia maanani, nilidhani amechoshwa na utani wake mwenyewe.

Sasa niache kifua chake kidogo, nikupeleke kwenye tuta la nyanya za Baba. Unazikumbuka. Baba alikuwa akichagua mwenyewe tunda la kuhifadhi mbegu, akizikausha juu ya gazeti, na hakuna aliyeruhusiwa kuwasha feni karibu na gazeti hilo. Tangu atutoke, Mama hajaruka msimu hata mmoja. Nyanya zile hazina sura, zimejaa mikunjo, lakini wateja wanaulizia miche yake kabla hatujasia. Mwaka huu, kwa kuwa Mama alikuwa mgonjwa na alitaka kitu cha kumpa moyo, alizisia mbegu zote zilizobaki kwenye tuta moja.

Zikaota, zikanenepa, zikaanza kutoa maua. Halafu mmea mmoja ukalegea mchana wa jua kali. Tukadhani ni kiu. Jioni ukainuka, kesho yake ukalegea tena, na safari hii haukuinuka, ingawa majani yalikuwa bado ya kijani kabisa. Kisha ukafuata wa jirani yake.

Tukamwita bwana shamba. Akakata kipande cha shina, akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, akatuambia tutazame. Uzi mweupe kama maziwa ukaanza kushuka taratibu kutoka kwenye shina.

"Hao ndio wenyewe," akasema. "Bakteria. Wamejazana kwenye mishipa ya mmea, maji hayapandi. Mnyauko huu hauna dawa, mama. Ng'oa, choma, na hapa usipande nyanya tena kwa miaka."

"Bakteria, kama wale wa kifua changu?" Mama akauliza.

Bwana shamba akamjibu kwamba ukoo ni mmoja lakini watu ni tofauti, na kwamba hawa wa nyanya hawana haja na binadamu. Mimi nilisikia jibu lote. Mama alisikia nusu. Akakataa kung'oa, akasema tusubiri tuone. Mmea uliokuwa na nafuu kuliko yote akauhamishia kwenye chungu, akauweka kwenye dirisha la chumba chake. Akasema huo atauuguza mwenyewe.

Alhamisi moja, yeye akiwa kwa wateja, niliingia kufagia chumbani kwake. Nikainua kile chungu ili nipitishe ufagio. Kisahani cha chini kilikuwa kimejaa maji mekundu. Kwanza nilidhani ni rangi ya udongo, lakini udongo wetu ni mweusi, wewe unaujua, umetutia weusi wa kucha tangu utotoni. Nikatazama juu ya chungu. Kwenye udongo palikuwa na chembechembe nyekundu, kama chaki iliyosagwa. Nilifahamu palepale.

Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani kwake mpaka alipoingia, kisahani nimekishika mkononi. Alinitazama, akakitazama kisahani, akavua kofia yake ya jua.

"Sasa unachungulia mpaka maji ya maua," akasema.

"Mama, hizi ni dawa zako."

"Ni dawa za bakteria. Wa kwangu wameshakufa, si unaniona nilivyo? Hawa bado wako hai. Mimi nibugie vidonge na nimepona, huku nyanya za baba yako zinateketea?"

Nikamuuliza ameanza lini. Akanyanyua bega, akanieleza. Kumbe ni tangu bwana shamba alipoondoka! Kila asubuhi alipokea vidonge kutoka kwangu, akachukua kikombe chake cha maji, akasema anakwenda kumezea nje penye hewa. Huko nje alikuwa akivisaga kwa kitako cha kikombe na kuinywesha ile mimea kwa zamu, na huu wa dirishani ukipata fungu la mgonjwa mahututi. Mimi nimesimama mlangoni na mwiko, nafurahi kwamba mama yangu anapenda hewa safi! Kisha akanimalizia hivi:

"Na kwanza Kitinda mwenyewe aliniambia nikichoka na vidonge nipumzike."

Mdogo wangu, najua hukusema kwa ubaya. Alikulalamikia kwamba vinamchafua tumbo, ukamhurumia, ukamwambia apumzike kidogo, mwili nao unachoka. Uko mbali, na huruma ndiyo unayoweza kumpa kupitia simu. Lakini yeye maneno yako aliyakunja akayatia mfukoni kama cheti cha daktari. Nilikukasirikia. Nilikukasirikia mpaka nikaunguza chakula, na sioni haya kukuambia, kwa sababu hasira imeshaisha na mapenzi yako palepale. Wewe hungemruhusu abiria afungue mlango wa lifti iliyokwama kati ya ghorofa mbili eti kwa kuwa amechoka kungoja. Mama alikuwa hapo hapo, kati ya ghorofa mbili, na mguu mmoja nje.

Basi nikajifunga kibwebwe. Nikamvalisha barakoa na kumpeleka kliniki mchana uleule. Alinuna njia nzima. Yule muuguzi wake mwembamba aliposikia habari ya nyanya alicheka, kicheko kilichomponyoka tu, kisha akafunga mlango na uso ukabadilika.

"Mama, mmea wako haukufaidi hata tone," akamwambia. "Na wale waliobaki kifuani umewaonjesha dawa ukawaacha hai. Wakiizoea hiyo dawa nitakosa cha kuwapiga nacho, itabidi nikupe nyingine ngumu zaidi. Na hao sugu ndio utakaompa mjukuu wako."

"Mjukuu wangu yuko mbali," Mama akasema.

"Si atakuja? Hutataka kumpakata?"

Mama akaangalia ukutani.

Makohozi yakapimwa upya. Siku za kungoja majibu nilipanga na kupangua vyungu vile vile mpaka Mjomba akaniuliza kama kuna mteja asiyeonekana. Majibu yakaja. Vijidudu vimerudi kuonekana, ila dawa za mwanzo bado zinavimudu. Muuguzi akasema tumebahatika, na bahati hiyo tusiijaribu tena. Mama ameanzishiwa matibabu upya, kama mtu anayeanza leo.

Sisi tunaoishi naye tumepimwa, tuko salama. Mjomba alitoa makohozi yake baada ya hotuba ndefu. Madirisha sasa yako wazi kutwa, Mama analala peke yake, na anavaa barakoa mpaka muuguzi atakaposema basi. Vyombo hatujamtengea. Muuguzi ametueleza kwamba ugonjwa huu unasafiri kwa hewa ya mtu anayekohoa, wala si kwa kijiko, na mimi sitaki mama yangu ale kama mgeni nyumbani kwake.

Usidhani alinyenyekea. Alimeza shingo upande, mimi nimesimama mbele yake, kisha namwambia afungue mdomo nitazame chini ya ulimi. Mtu aliyenizaa na kuniogesha! Akaniita askari magereza. Nikamwambia naam, na kifungo hiki hakina msamaha. Akanipa kisogo. Iliniuma, Kitinda. Mara nyingine nilikwenda nyuma ya ghala nikalia, nikanawa uso kwa maji ya kumwagilia, nikarudi kazini. Lakini sikulegeza, na kesho yake nilisimama palepale.

Aliyemgeuza si mimi wala muuguzi. Ni lile tuta. Bwana shamba alirudi, akakuta zaidi ya nusu ya nyanya zimelala, akasema mkichelewa maji ya mvua yatavipeleka vijidudu hivi kwenye pilipili na biringanya, kisha kitalu kizima. Mama akasema atang'oa mwenyewe, hataki mkono wa mtu. Mjomba akashika gunia, mimi nikawasha moto kwenye pipa.

Aling'oa iliyolala. Akafika mwisho wa tuta, kwenye ile michache iliyosimama wima, ya kijani, yenye maua.

"Hii si mizima, dada?" Mjomba akamwambia. "Hii iache."

Mama akamjibu bila kuinua kichwa. "Huu unaoonekana mzima ndio utakaotumaliza. Ndani umeshajaa."

Alibaki ameinama, mkono kwenye shina, mpaka nikadhani mgongo umemshika. Nikamwona mkono wa pili unapanda taratibu, unajipapasa kifua juu ya aproni. Halafu akaung'oa ule mmea, akakung'uta udongo, akautia gunia. Akaendelea mpaka tuta likawa tupu. Chungu cha dirishani alikwenda kukileta mwenyewe, hakuna aliyemwambia.

Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaja akasimama mbele yangu.

"Lete vidonge vyangu," akasema.

Siku zote alikuwa akiviita vidonge vyenu. Tangu siku hiyo simwambii afungue mdomo. Anaufungua mwenyewe, na ulimi anautoa wote, kunikomoa. Na matangazo ya chooni yamerudi, kiwanda kinafanya kazi, na sijawahi kusikia taarifa ya habari tamu kama hiyo.

Lakini moto ule ulimuuma. Alikaa karibu na pipa mpaka majivu yakapoa, akamlilia Baba upya. Nikakaa naye. Nilimwambia Baba angemng'oa mtu masikio kwa kuchezea dawa, na yeye akacheka huku analia. Mbegu zile zimekwisha hapa kwetu, hakuna hata punje.

Nimesema hapa kwetu. Ulipoondoka Mama alikutilia sandukuni kikaratasi cha mbegu, na ulipokigundua ulitucheka, ukasema utazipanda ndani ya lifti. Bado unacho? Kitafute kwenye madroo, kwenye mifuko ya makoti, muulize wifi. Ukikipata kiweke pakavu, pasipo na joto. Mama sijamgusia, nisije nikampa tumaini halafu ukakuta karatasi tupu.

Sasa la safari. Usimlete mtoto kwa sasa. Najua umeshaomba likizo, najua wifi ameshaanza kukunja nguo ndogondogo, na najua hakuna mtu hapa duniani anayemtaka huyo mtoto mapajani kuliko Mama. Ndiyo maana nasema subirini. Mapafu ya mtoto mchanga hayana ubavu wa kushindana na ugonjwa huu. Mama amalize dawa, makohozi yatoke safi, muuguzi aridhike, ndipo mje na mkae mpaka tuwachoke. Nimekata kauli. Ukikasirika nikasirikie mimi, kifua changu ni kizima, kinabeba.

Na mpigie asubuhi, kabla hujaingia kazini. Huo ndio wakati wake wa kumeza. Akikulalamikia tumbo, msikilize, mwambie amweleze muuguzi, maana kuna namna ya kumsaidia. Ila neno la kupumzika lisitoke tena mdomoni mwako. Mimi nimemshika mkono huku, wewe mshike kwa sauti huko, asipate upenyo.

Kuhusu lile tuta, tumepanda mahindi, kwa ushauri wa bwana shamba, kwa sababu vijidudu vya nyanya havina hamu nayo. Majembe yakitoka huko tunayaosha kwa maji yenye klorini. Mama amepiga marufuku mtu kuvuka na viatu vya upande ule, na juzi alimvua Mjomba kiatu kimoja akiwa anatembea. Amekuwa mkali kuliko mimi. Kuhusu nyanya, amenionyesha pembe ya mbali karibu na tangi, penye udongo ambao haujawahi kupandwa kitu cha jamii hiyo. Anaipalilia pole pole. Sijamuuliza anaipalilia kwa ajili ya nini.

Mjomba Redio, kwa upande wake, ameshatangaza mtaa mzima kwamba dada yake aliwapa nyanya dawa ya kifua. Mama alikuwa mbogo. Lakini fundi viatu wa kona ile alisikia, akaja kimya kimya kuuliza kama ni kweli mtu akijisikia mzima asiache, maana yeye ameacha vidonge vyake kabatini. Mama mwenyewe ndiye aliyempeleka kliniki, akimkokota kwa mkono wa shati. Kwa hiyo safari hii Redio imetangaza jambo la maana, ingawa tumekubaliana asiambiwe.

Mjomba anakusalimu. Bwana shamba anakusalimu, anauliza kama huko mliko kuna hata kipande cha udongo. Msalimie sana wifi, umwambie pole kwa kukunjua tena zile nguo. Mbusu mtoto utosini, umwambie ni busu la shangazi.

Nilikuwa nafunga barua, Mama ameingia. Ameona kalamu akaelewa, wala hakuomba kusomewa. Amekaa juu ya gunia la mboji karibu na dirisha, ameniambia niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiyatie chumvi. Ndiyo haya:

"Kitinda mwanangu. Kile kikaratasi cha mbegu nilichokutilia sandukuni usikipoteze, na usizipande huko, wewe hujui kumwagilia. Mtoto usimlete kwanza, nitamngoja. Na ukinipigia simu usiniulize tena kama nimechoka. Nimechoka. Niulize kama nimemeza."

Mungu awalinde, awape afya na usingizi, atukutanishe sote tukiwa wazima kwelikweli.

Wako akupendaye,
Dada yako, Askari Magereza.